Wimbo wa Mapasa ya Tina

Mwaka ule bantu ba Kasai balikuwa banafukuzwa mu Kolwezi, njo mutoto wangu Tina alizala mapasa, batoto babili siku moja. Na bwana yake Muamba ni Mukasai. Alizaliwa hapa, alisoma hapa, baba yake alichimba shaba hapa mpaka mapafu ikamushinda. Basi, balisema, arudi kwao! Kwao wapi? Muamba hata Kasai haijui na macho.

Mi Ernestine sijui kufunga kinywa. Nilisema mbele ya bote: mukwe wangu hatoki. Lakini kaka yangu, Tata Tharcisse, njo mukubwa wa familia, na tena prezida wa kamati ya kufukuza Bakasai mu kartie, mu mtaa wetu. Akatangaza: siku ya kuimbia mapasa, wimbo ukiisha, Muamba anapanda treni. Tina na batoto banabaki.

"Shi ni damu ya Musumba, mji wa mufalme wa Balunda," akasema, kifua mbele. "Kambo wetu wa kwanza, ule bibi ya bibi zetu, alitoka mu lupango ya mufalme!"

Ah, hii hadithi! Tuliikula tangu utoto pamoja na bukari, ugali wetu.

Kwetu mapasa lazima baimbiwe, ao bagonjwe. Na wimbo wetu uko mu luga yenye hakuna mutu anaijua. Mapasa ya mwisho balizaliwa ku Kasaji, mji wa mama yetu huku huku Lualaba, tukiwa batoto. Mama alituambia tu: imbeni vile vile. Tharcisse anasema ni kilunda cha zamani, maneno ya heshima ya mufalme.

Siku ikafika. Tharcisse alivala koti, akasimama katikati ya lupango, mu kiwanja yetu, akaimba na sauti ya misa. Muamba alikuwa amekaa juu ya valizi yake, nguo zote ndani, kichwa chini. Mara nikaona mabega yake inatetemeka. Masikini, nikasema, analia. Kumbe anacheka! Anacheka mpaka machozi.

"We! Unacheka nini?" Tharcisse akauliza.

"Unisamehe, tata. Ni Tshiluba, luga yetu ya Kasai. Kambo wangu alikuwa anaimba hii. Kwetu, bazazi ba mapasa banatukanwa, njo batoto bakomae."

"Tunasema nini?"

Muamba aliniangalia, akaona haya. "Siwezi, tata. Mama mukwe iko hapa."

Akaenda kumunong'oneza mu sikio. Tharcisse akakaa juu ya kinu, pu!

"Yesu wangu! Na hii niliimbia askofu!"

Tukageuka bote kwa Mama Numbi, mudogo wa mama yetu, mwenye kutoka Kasaji juu ya sherehe. Alikuwa anamenya karanga.

"Jina yake ilikuwa Kanku," akasema. "Bachuuzi ba bantu balimukamata ku Kasai, angali musichana, bakamutembeza na kamba mu shingo mpaka Musumba. Pale bakamubadilisha na bunduki. Mu lupango ya mufalme alikuwa anapika. Kiisha mutu wa huku Lualaba akamuchukua, akazala naye mapasa. Hakukuwa mutu wa kwao wa kumuimbia. Akajiimbia peke yake, akajitukana peke yake. Kiisha akafundisha binti zake."

Nililia, sifichi. Na wimbo wenyewe ni matusi!

"Mama Numbi, mbona haukusema zamani?" Tharcisse akauliza.

"Ningesema saa ngapi? We ulikuwa unaongea."

Hatujacheka hata vizuri, mulango wa lupango ukagongwa. Vijana ba kamati, na fimbo.

"Tata prezida, Bakasai beko humu? Treni inangoja."

Tharcisse akaangalia Muamba, akaangalia mapasa mu mikono ya Tina. Akaenda kusimama pa mulango.

"Beko," akasema. "Wa kwanza ni mi."

Bakapasuka kucheka. "Tata prezida na mizaha yake!" Bakaenda mbele, banacheka, bakaanza kugonga kwa jirani yetu Simone. Na Simone pia ni Mukasai.

Nikavuta pumzi. Kwetu ilikuwa imepita. Lakini Tharcisse hakutoka pa mulango.

"Ernestine," akaniambia, "mi sikufanya mzaha."

Akavula koti, akanipa, akabafuata kule kwa Simone.