Bakuli la Nyumba ya Pili

Ndeshi alikuwa amejenga mji mzima juu ya meza ya kulia chakula, na Bibi Pelagia, aliyetoka Machame kuja kumtembelea hapo Stafford, pembeni mwa Houston, Marekani, hakuwa na pa kuweka sahani yake ya wali.

"Mke mwenzangu, nihamishe msikiti au nihamishe duka la mikate?"

"Usiguse, Bibi! Nina-submit Ijumaa."

Ulikuwa mtaa wa Kituruki wa zamani, wa makaratasi na gundi: vichochoro vilivyopinda, madirisha yaliyochomoza juu ya njia, bomba la maji katikati ya kiwanja kidogo, na maegesho ya magari kati ya nyumba na nyumba. Ndeshi alikuwa akisomea mipango miji, akitaka kuonyesha kwamba hata Houston, mahali ambapo mtu huwasha gari kwenda kununua kiberiti, panaweza kujengwa mtaa wa watu kutembea na kujuana. Mara ya kwanza mwalimu alimrudishia kazi na swali moja: "Nyumba nimeziona. Kitu gani kitamtoa mtu ndani?" Asipolijibu Ijumaa, anarudia muhula mzima.

Bibi alikula amesimama, akiizunguka meza kama bwana afya.

"Kitendawili."

"Bibi, sina muda."

"Kitendawili!"

"Haya, tega."

"Hutoka kimejaa, hurudi kimejaa, na miguu hakina."

Ndeshi alifikiri basi, akafikiri ndoo. Akashindwa.

"Nipe mji," bibi akadai.

"Chukua huu hapa mezani."

"Huu siutaki. Hauna hata mtu wa kumwazima chumvi."

Akaenda jikoni kuosha sahani yake, akarudi na bakuli la buluu lenye maua mekundu alilolikuta kabatini. "Na hili? Si lako hili."

Ndeshi akainamia gundi yake. "La mama wa nyumba ya pili. Aliniletea kitu kama uji mtamu, wa ngano na zabibu kavu."

"Lini?"

"Mwaka jana."

"Mwaka jana!"

"Ulinifundisha mwenyewe, Bibi, bakuli la mtu halirudishwi tupu. Nikawa nangoja siku nitakayopika. Na mimi sipiki. Sasa naona aibu, nikimwona naingia ndani ya gari upesi."

Bibi alicheka mpaka akashika ukuta. "Jamani! Anawafundisha Wamarekani ujirani, huku anamkimbia jirani!"

Akavaa kanga, akakanda unga. Saa kumi jioni walisimama mlangoni kwa jirani, bakuli limejaa maandazi ya moto. Mama mmoja mnene alifungua, akalitazama bakuli, akamtazama Ndeshi.

"Nilidhani umehama, ukaniachia gari lako," alisema kwa Kiingereza. Akalionja andazi palepale. Akasema anaitwa Nesrin, kwao ni Bursa, Uturuki.

Ndeshi alitamani ardhi ipasuke. Mwaka mzima alikuwa akiutafuta mtaa wa Waturuki vitabuni, na Mturuki alikuwa nyuma ya ukuta aliotundikia ramani yake.

Nesrin alikuja kuutazama mji. Akapitisha kidole kutoka mlango mmoja hadi mwingine, akaguna.

"Mbona umezitenganisha nyumba hivi kwa maegesho ya magari? Bakuli litafika limepoa. Mama yangu asingekubali."

Ndeshi alipomtafsiria bibi, bibi akapiga makofi. "Bakuli! Ndilo jibu la kitendawili changu hilo!"

Jioni ile Ndeshi aling'oa maegesho, akayapeleka nyuma ya nyumba. Akazisogeza nyumba, jiko karibu na jiko, akipima kwa miguu yake sebuleni umbali ambao mtu anaweza kubeba bakuli la moto bila kuungua.

Ijumaa mwalimu aliuliza swali lilelile. Ndeshi akamjibu kwa hadithi ya bakuli, tangu kabati hadi aibu. Walimu waliokaa kumsikiliza walicheka, na yule mwalimu akaandika: amefaulu.

Aliporudi nyumbani mbio, alilikuta bakuli la buluu mlangoni, limejaa tena, limefunikwa kwa kitambaa. Bibi alikuwa ameketi kizingitini, anatabasamu.

"Zamu yako, mke mwenzangu. Mimi naondoka Jumatatu. Nawa mikono, uje nikufundishe kukanda."