Ubeti Mlangoni kwa Mama Mdogo

Karatasi ya kampeni ilisema: "Kipindupindu ni ugonjwa wa wachafu. Usiwe mchafu." Kazi yangu ilikuwa kuisoma kwa kipaza sauti, juu ya pikapu, mtaa kwa mtaa.

Tulipofika mtaani kwetu niliona madirisha ya mama mdogo yamefungwa, na joto lote lile. Niliruka chini nikagonga.

"Baba mdogo yuko wapi?"

"Amesafiri," alinijibu kwenye ufa wa mlango. Nyuma yake mtu alikuwa anatapika.

"Mama, anaharisha?"

"Nyamaza! Nyumba hii naipiga deki asubuhi na jioni, leo niitwe mchafu na spika yako? Hatoki mtu hapa."

Nilichungulia. Baba mdogo, fundi viatu mwenye mikono kama koleo, alikuwa chini, macho yamezama, midomo imekauka. Kipindupindu hakingoji kesho.

Nikarudi juu ya pikapu. Ofisa wa kampeni, aliyekaa mbele na dereva, alitoa kichwa kwenye dirisha la gari. "Soma karatasi, bwana mdogo."

"Karatasi hii inaua mtu mle ndani."

"Imeandikwa na wasomi!"

"Basi waje waisome wenyewe." Nikaikunja, nikaikalia. Nikafungua spika mpaka mwisho.

"Jamani! Mwezi uliopita niliharisha mpaka suruali ikaniomba talaka!"

Mtaa ukaangua kicheko. Nikaghani:

*Na mimi yalinisibu, nikalala kitandani,*
*Muuguzi kanitibu, dripu yangu mkononi,*
*Kuugua si aibu, aibu kufa chumbani.*

"Hata mimi nililazwa!" muuza mkaa akapaza sauti.

"Na mimi," kinyozi akadakia, mkasi mkononi. "Mlidhani nilikwenda harusini?"

Ofisa alikuwa anapiga mlango wa gari kwa ngumi. "Zima! Umetuharibia kampeni! Kazi huna!"

"Kazi sina, mdomo ninao!"

Mlango wa mama mdogo ukafunguka, wazi kabisa. Alikuja hadi kwenye pikapu, akamtazama ofisa juu mpaka chini.

"Shuka, baba. Mgonjwa anataka kiti."

Akashuka. Kinyozi na muuza mkaa walimbeba baba mdogo, dereva akakanyaga mafuta, nami sikuzima spika mpaka kwenye geti la hospitali.

Jioni nilikuwa bado naughani ubeti ule, kando ya kitanda, wodi nzima ikinisikia. Baba mdogo, dripu mkononi, alifungua jicho moja.

"Punguza sauti, mwanangu. Wagonjwa tumelala."

Siku ile, hiyo ndiyo amri pekee niliyoitii.