Moyo wa Kipipa

Bi Pindo alikuwa akisema kwamba hakuna nguo iliyotoka mikononi mwa binadamu ikamshinda kuivaa. Akishasema hivyo huvuta pumzi na kumalizia mwenyewe: isipokuwa ile taiti ya mazoezi ya kijivu. Kuingia aliingia vizuri kabisa, kutoka ndiko kulikomshinda, ikabidi aikate kwa mkasi wake wa ufundi, ameketi sakafuni kama kuku anayenyonyolewa. Kilikuwa kisa kizuri, na alikisimulia kwa ustadi. Tatizo ni kwamba siku hizo msikilizaji wake mkubwa alikuwa kioo cha kabati, na kioo hakicheki mpaka ucheke wewe kwanza.

Alikuwa fundi cherehani maisha yake yote. Jina la Bi Pindo alilipata kwa sababu hakuna nguo iliyotoka kwake bila pindo nene la akiba kwa ndani, ili mwili wa mteja ukiongezeka asije kumsumbua. Sasa macho yalikuwa yamechoka, na cherehani ilikaa pembeni imefunikwa shuka kama mgonjwa. Aliishi chumba na sebule juu ya duka la rangi. Asubuhi ngazi zilinuka rangi, mchana karakana ya milango ya chuma ng'ambo ya barabara ilipiga kelele, na jioni karakana ikifungwa ndipo aliposikia saa ya ukutani, kitu ambacho hakupenda kukisikia.

Si kwamba hakuwahi kuwa na watu. Mume alikwisha kutangulia. Rafiki yake wa chanda na pete, mwanamke mnene aliyekuwa akicheka mpaka vifungo vinakatika, naye akafuata. Mwingine alichukuliwa na mwanawe akakae naye mbali. Wa tatu waligombana kwa ajili ya kola, na kabla hawajapatana mwenzake akaugua ugonjwa wa kusahau: akausahau ugomvi, na urafiki nao ukaenda humo humo.

Kilichobaki ni simu ya kitinda mimba wake, binti aliyekuwa akiishi mji mwingine. Nayo ilikuwa simu ya hujambo, sijambo, umekula, nimekula, haya Mama tutaongea. Bi Pindo hajakaa sawasawa kwenye kiti, simu imekwisha.

Mambo yalibadilika binti alipoanza biashara. Alikuwa akiuza kwa simu vitu vya wanawake: magauni, vifaa vya mazoezi, vikorokoro vya jikoni, vyote vya bei nafuu, na hilo neno nafuu alilitamka kama jina la mchumba. Kabla hajakiuza kitu alitaka mtu akijaribu kwanza, amwambie ukweli. Akamchagua mama yake, maana mama hana kazi na ana ulimi.

Basi vifurushi vikaanza kuja, na simu zikarefuka. Bi Pindo aliruka kamba ya mazoezi sebuleni mpaka mwenye duka la rangi akapanda kuuliza kama kuna kinachoanguka. Alijaribu kikatio cha vitunguu cha kuvuta kwa uzi, akaripoti kwamba kinakata vizuri mno, umefumba na kufumbua vitunguu vimekuwa uji. Alijaribu taa ya kubandika ukutani inayowaka yenyewe mtu akipita. Hiyo aliisifu, ila kuna jambo hakumwambia binti: kwamba taa ilimwakia yeye, ikazimika, ikamwakia yeye tena aliporudi, na tangu ibandikwe haijapata mtu mwingine wa kumwakia.

Aliyeleta vifurushi alikuwa mwanamume wa pikipiki, mtu mzima mwenye mvi za kidevuni. Kila mara Bi Pindo alimwambia chai iko motoni. Kila mara alijibiwa kwamba siku nyingine, mama, na pikipiki ikiwa bado inanguruma chini.

Sasa, chanzo cha uongo wote kilikuwa neno moja: mkanda.

Kifurushi kimoja kilikuja na gauni refu la kijani, na juu yake umekunjwa mkanda mpana wa mpira, wa zambarau, umeungana ncha kwa ncha. Binti alikuwa ameandika kwamba gauni alivae aone, na mkanda autumie kila siku. Bi Pindo ni fundi, mkanda anaujua. Aliuvalia kichwani, akaushusha kwa jasho mpaka kiunoni juu ya gauni, akajitazama kiooni, akaona kiuno alichokuwa amekiaga tangu mtoto wa kwanza. Akaenda nao sokoni. Akaenda nao zahanati kupima macho, na daktari akamwuliza kama anaumwa mgongo. Akampa binti ripoti ndefu: mkanda unapendeza, unamrudishia mtu usichana, ila ukicheka unaruka juu kama chura na ukila huwezi kuteremsha tonge.

Binti, kwa haraka zake, aliyabandika maneno hayo yalivyo kwenye tangazo la biashara. Ulikuwa mkanda wa mazoezi, wa kuvishwa mapajani mtu akinyoosha miguu. Wateja wakacheka wiki nzima.

Alipopiga simu hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililomtisha Bi Pindo. Alisema kwa upole kwamba kosa ni lake, hakueleza, lakini ameona mtu mmoja hatoshi. Anahitaji kikundi: mnene, mwembamba, wa kati, wazungumze wenyewe, wasahihishane. Shangazi anacho kikundi cha wanawake wa mazoezi huko kwake. Labda vifurushi viende kwa shangazi.

Shangazi huyo ni wifi yake Bi Pindo. Wifi ambaye siku ya harusi alisema bibi harusi ana miguu ya meza. Lakini si wifi aliyemkaa rohoni. Alichokiona ni simu ikirudi kuwa hujambo, sijambo, haya Mama.

"Wenzangu ninao," akasema. "Tena wamejaa hapa. Nilikuwa nawaficha tu wasikuibie bidhaa."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Bi Pindo ilirefuka kidogo, kwa kuwa aliitembea na viatu vya mazoezi. Siku hiyo hiyo alizaa marafiki wawili bila uchungu. Wa kwanza alimwita Kipipa, mnene, mcheshi, aliyehamia nyumba ya nyuma. Mwili na kicheko aliviazima kwa yule marehemu wa vifungo. Wa pili alimwita Mwalimu, mwembamba, mstaafu, asiyependa kitu chochote. Huyo alimtunga mwenyewe, ingawa kuna namna alifanana na wifi.

Binti akafurahi. Vifurushi vikaja vitatu vitatu, kila kimoja na kipimo chake. Gauni la Mwalimu Bi Pindo alilivaa akiwa amezuia pumzi. La Kipipa alilivaa na mto wa kitandani tumboni na wa kiti kwa nyuma, akatembea chumba na sebule akiangalia mshono wa kwapa unavuta wapi. Kisha akiongea na simu huwagombanisha. Kipipa kasema rangi inamfanya aonekane kama hema la msiba. Mwalimu kasema afadhali hema, lina faida. Kipipa kamjibu kwamba yeye nguo haimkai kwa kuwa hata nguo inatafuta mtu wa kumkalia. Binti alicheka mpaka akaomba asubiri afute machozi, na Bi Pindo alisubiri, simu sikioni, akiusikiliza ule mvuto wa kamasi kama mtu anayeota moto.

Simu ikikatika, mito ilirudi mahali pake, na nyumba ilikuwa kimya kuliko kabla hajawa na marafiki. Mara moja alijikuta ameteremsha vikombe vitatu. Akavirudisha viwili upesi, akatazama mlangoni kama aliyeiba.

Ndipo zilipokuja saa.

Zilikuwa saa tatu za mkononi, nyembamba, za mpira, zinazosikiliza mapigo ya moyo na kujua mtu katembea au kalala. Binti alikwisha kuziandaa zote na kuzipa majina: Mama, Kipipa, Mwalimu. Wazivae mchana, walale nazo pia, na wakija kwa Mama kila siku saa zikiwa karibu na simu ya Mama zitajisemea zenyewe kupitia simu hiyo, na habari zitamfika binti kule aliko. Bi Pindo aliziweka mezani, akazizunguka.

Kwanza alimvika Kipipa cherehani. Akaifunga saa kwenye gurudumu, akakanyaga pedali, gurudumu likazunguka, mguu ukachoka, na saa ikaandika kwamba haioni moyo. Cherehani haina moyo; hilo Bi Pindo angeweza kulibishia, lakini si kwa saa. Kisha alimsubiri mwanamume wa pikipiki, akamwomba amsaidie kuivaa moja siku chache tu. Yule aliitazama mikono yake, akaitazama saa ya rangi ya waridi, akasema kwa adabu kwamba ana mke, na mke wake huuliza. Akashuka ngazi upesi kuliko siku zote.

Akabaki yeye. Akavaa ya Mama mkono wa kushoto, ya Mwalimu juu yake, ya Kipipa juu zaidi kuelekea kwenye kiwiko. Hakuwa mjinga: mchana alimwacha Kipipa mezani apumzike, akamtembeza Mwalimu peke yake hadi sokoni kwa mwendo wa ukali, kisha akambadilisha, akamtembeza Kipipa taratibu, akisimama mara kwa mara kama mtu anayehema. Lakini kulala hakuna ujanja. Alilala nazo zote tatu, mkono nje ya shuka, zikimulika kijani kila moja kwa zamu yake. Na yeye aliyelala peke yake miaka yote hiyo, akaona kitanda si kikubwa sana.

Binti alipopiga, alianza kwa kusifu. Saa zinafanya kazi, bidhaa itauzika. Kisha akauliza kama Kipipa anakoroma.

"Kama lori," Bi Pindo akasema, akijitayarisha kuchekesha.

"Umejuaje?"

"Kuta zenyewe karatasi, mwanangu. Akikoroma yeye, mimi ndiye ninayegeuka."

Binti hakucheka. Alisema anaona jambo, anataka Mama amsaidie kulielewa. Anaona wote watatu hulala kwa pamoja na kuamka kwa pamoja. Jana wameamka usiku kwenda chooni, wote, na wakarudi wote.

Bi Pindo alisema uzee ni ule ule, kibofu hakina siri, na Mwalimu hata akiamka hufuata ratiba za wenzake. Aliona anakwenda vizuri. Akaketi.

"Na mapigo?" binti akauliza. "Mama, mioyo yenu mkilala inapiga sawasawa. Mmoja akishtuka, wote wameshtuka. Sijawahi kuona."

Chini, mwenye duka la rangi alikuwa akifunga madirisha ya bati, moja baada ya jingine.

"Sisi ni moyo mmoja," Bi Pindo akasema. "Si ndivyo watu wanavyosema? Marafiki wa kweli ni moyo mmoja."

"Nipe Kipipa niongee naye."

"Kipipa ametoka sasa hivi. Umepishana naye mlangoni. Kaenda kwake, ana jiko motoni."

"Na saa yake?"

"Kaivaa. Ile haivui, hata umpe nini."

Binti alipozungumza tena sauti yake ilikuwa imeshuka, imekuwa ndogo kama ya zamani alipokuwa akiomba asilale peke yake.

"Mama. Simu yako inaniambia Kipipa yuko hapo hapo ulipo. Na moyo wake sasa hivi unakwenda mbio."

Bi Pindo akaushika mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia, juu kidogo, karibu na kiwiko, kama mtu anayemziba mtoto mdomo mbele ya wageni.