Chumba Kilichopanga Foleni

Jumanne, saa mbili na robo asubuhi, kliniki ya kifua ilikuwa imeshajaa. Mwanafunzi wa ustawi wa jamii, aliyekuwa wiki ya tatu ya mafunzo kwa vitendo ya shahada yake ya uzamili, alikaa kwenye kiti cha plastiki mwisho wa meza ya timu. Chuo kilimtuma ajifunze kufanya kazi bega kwa bega na daktari, muuguzi na mfamasia. Hadi siku hiyo alikuwa amejifunza stepla inakaa wapi.

Fundi cherehani, mama wa makamo, aliingia akikohoa, mara yake ya nne tangu mvua zianze. Nyuma yake kiliingia chumba anachopanga: futi kumi kwa kumi, kitanda, cherehani, kalenda ya mwaka juzi, na ukuta mmoja uliolowa kutoka sakafuni hadi darini, mweusi kwa ukungu. Mlinzi alifungua ubao wa pili wa mlango ili kipite bila kukwaruza fremu.

"Kina kadi?" karani wa mapokezi akauliza.

"Ni changu, dada. Nimekipanga."

"Basi kikae nyuma yako. Foleni ni foleni."

Kikakaa. Waliokosa viti wakaketi kitandani. Babu mmoja mwenye pumu alivua viatu kwanza, maana alilelewa vizuri.

Zamu ilipofika, daktari alisikiliza kifua cha fundi, akaandika dawa ileile ya kuvuta, safari hii mara mbili kwa siku. Fomu ya timu ilikuwa na mistari kumi na minane ya mapafu na mmoja wa "mengineyo". Mwanafunzi aliinuka kwenye kiti chake.

"Samahani daktari, naomba usikilize na ukuta."

Daktari alikuwa muungwana. Akaweka kifaa chake ukutani, akafumba macho.

"Una maji," akasema. "Mengi. Tangu lini?"

"Tangu bomba la juu lipasuke," fundi akajibu. "Miezi minane sasa. Nalala nimekaa, daktari. Nikijinyoosha tu, pumzi inakata. Nguo za watu zinanuka kabla sijazimaliza, wateja wamenikimbia."

Hakuna aliyewahi kumuuliza. Muuguzi alipima joto la ukuta, akakuta liko chini. Mfamasia akataka kujua unene wake ili akadirie dozi.

"Dawa yake ni fundi bomba," mwanafunzi akasema.

Wote wakaafiki. Daktari akaandika "fundi bomba, mmoja" kwa herufi zinazosomeka, na wakati wa chai hilo ndilo lililozungumzwa zaidi. Mfamasia akapekua rafu zote.

"Hayupo," akasema. "Hata kwenye orodha ya kuagiza hayumo."

Mwanafunzi akampigia simu mwenye nyumba. Alifika saa tano, shati limenyooka kwa pasi, akapapasa ukuta, akajifuta kiganja kwa leso.

"Kwangu kilikuwa kikavu," akasema. "Hospitali yenu ina unyevu. Mnaniharibia chumba, mwanangu."

"Lakini mzee, bomba limepasuka kwako."

"Bomba liko kule, ukuta uko huku. Sasa nitengeneze nini?"

Akaaga kila mtu kwa heshima, akaondoka.

Saa saba fundi naye akaondoka na mfuko wa dawa, chumba kikimfuata. Mwanafunzi aliwasindikiza mpaka getini.

"Nisamehe, mama. Sikuweza."

"Usijali, mwanangu. Wewe ndiye mgeni wa kwanza kuniulizia ukuta tangu ulowe."

Msimamizi wa mafunzo alimpa mwanafunzi alama za juu. "Amejua kuunganisha huduma," aliandika, "ila ajifunze kutunza nafasi ya korido." Ukuta ulifunguliwa jalada, ukaambiwa urudi baada ya mwezi. Bomba liliendelea kuvuja.

Jumanne iliyofuata vilikuja vyumba vinne, pamoja na jiko moja la nje lililojaa moshi. Mlinzi alikuwa ameshabandika tangazo: VYUMBA VIPITE MLANGO WA NYUMA. Mwanafunzi alichukua kalamu, akazunguka huko nyuma, akabisha hodi kwenye cha kwanza.

"Karibu," mtu akajibu kutoka ndani, kisha akakohoa.