Meza Ndogo ya Saloma

Edna Yutzy hakuwapenda akina Halvorson tangu siku waliposhuka garini mbele ya ghala lake, na hakujisumbua kuficha. Waingereza, ndivyo Waamishi, Wakristo wa Marekani wanaoishi bila umeme wala magari, wanavyomwita kila asiye wa kwao, walikuwa wameshamjia mara mbili kutaka kuonja maisha ya bila umeme. Wa kwanza walidumu siku tisa. Hawa waliletwa na askofu mwenyewe, na askofu hakataliwi.

Mume, Trent, alijinunulia kofia ya nyasi, na kabla wiki haijaisha akaanza kuwafundisha watu unyenyekevu. Mkewe Denise alikuja kwa sababu mume alikuwa ameshaamua. Alikamua ng'ombe amenuna, akafua amenuna.

"Shuka huanikwa zikanyooka," Edna alimwambia. "Wapita njia watadhani hapa wanakaa walevi."

"Basi wapita njia waje wazianike wenyewe."

Lakini kilichomchoma Edna hasa hakikuwa shuka. Kila mchana mwanamke huyu mwenye kucha nyekundu alikaa mezani pake, akachokonoa viazi vyake, ilhali Saloma, kifungua mimba wake, hakuruhusiwa. Saloma alibatizwa akiwa na miaka kumi na tisa, akaapa mbele ya kanisa, kisha akatoroka kuolewa na fundi magari kule Wooster. Mgeni ambaye hajaapa hana kosa. Aliyeapa akavunja hutengwa: akija nyumbani, haruhusiwi kula meza moja na waumini.

Alhamisi moja ya Oktoba Saloma alikuja na mtoto wake mchanga. Edna akamtengea meza ndogo karibu na jiko la kuni, sahani moja, kikombe kimoja. Yost, mume wa Edna, akainamisha kichwa, wote wakasali kimya. Walipoinua macho, Denise alikuwa amesimama na sahani yake mkononi.

"Denise, kaa chini," Trent alisema. "Unaniaibisha."

"Wewe nyamaza." Akavuta kiti, akaketi mbele ya Saloma, kisha akamgeukia Edna. "Mimi hata kusali sijui, nakula na wewe. Uliyemzaa anakula pembeni kama paka. Huyo Yesu wenu ndivyo alivyokuwa anakula na watu?"

Edna alisukuma sahani yake kando. "Usilichukue jina hilo ukanipiga nalo jikoni mwangu."

"Nimeuliza tu."

"Hukuuliza. Umetema mate."

Edna alitarajia binti yake alie. Saloma hakulia. Aliweka uma chini taratibu.

"Na wewe nani kakutuma?"

Denise akamgeukia. "Mimi nakutetea, dada."

"Mimi si dada yako. Niliapa nikavunja, na nilijua yatakayonipata. Kila mwezi nakuja kukaa meza hii, kwa sababu kutoka hapa namwona mama yangu akila. Askofu akisikia ulichofanya, hata hii nitanyang'anywa. Wewe utakuwa umesharudi Columbus kwenye mashine yako ya kufulia, unawasimulia wenzako jinsi ulivyokuwa jasiri."

"Chakula kinapoa," Yost alisema.

Denise alibeba sahani yake, akatoka barazani. Trent akamfuata mbio, na wote jikoni wakasikia kila neno.

"Unapapenda hapa kwa sababu wanawake wanafunga midomo!"

"Angalau hapa kuna adabu!"

Baada ya chakula Edna na Saloma waliosha vyombo.

"Ameunguza uji mara tatu wiki hii," Edna alisema.

"Na shuka zile, Mama! Nimeziona toka barabarani."

Edna akacheka bila kutaka. Akakata kipande cha pai ya tufaha, akakiweka kwenye sahani ukingoni mwa sinki, akachukua uma mbili. Moja akampa binti yake.

"Mama."

"Tumesimama. Hii si meza."

Wakala kutoka sahani moja, mabega yamegusana, mara ya kwanza kwa miaka minne.

Ijumaa asubuhi akina Halvorson waliondoka. Denise ndiye aliyeendesha, na Trent alikaa kando yake na kofia yake ya nyasi, hamtazami. Edna hakupunga mkono. Alijaribu kuwaombea, akashindwa: kila alipofumba macho alimsikia mwanamke yule akiuliza, na kila mara alimchukia upya.

Jumapili, baada ya ibada, alimwendea askofu. Hakwenda kumshtaki mtu. Alimwuliza kama sheria inasema lolote kuhusu watu wanaokula wakiwa wamesimama.

Askofu alisema hajasikia vizuri, na kwamba anakwenda kumfunga farasi wake kwenye gari, akaondoka.