Mstari wa Karibu na Njia

Shadya alizaliwa Ujiji, akasomea kilimo Morogoro, kisha akarudi nyumbani kuwa mtafiti wa maharage. Kumbukumbu za mvua zilimwonyesha kwamba hali ya hewa inabadilika, masika yanakatika mapema kuliko zamani. Alitaka kujua ni maharage gani yangemfikisha mkulima kwenye mavuno hata mvua ikimkimbia. Kwa hiyo mwaka 1994, masika yakielekea ukingoni, alipanda aina mbalimbali kwenye shamba dogo la majaribio kule Katubuka, Kigoma, kila aina na mstari wake. Mvua ilipokata, hakumwagilia hata tone. Kazi yake ikawa kuyatazama yakinyauka na kuandika.

Mama yake, Bi Kuruthumu, alikwenda siku moja kuliona shamba, akashika kiuno. "Ndiyo umesomea hivyo, mwanangu? Kuua maharage?"

Yalinyauka kweli, isipokuwa mstari mmoja, ule wa karibu na njia. Huo ulikuwa na majani mabichi na maua tele. Shadya alipiga magoti akagusa udongo. Juu ulikuwa mkavu sawa na kwingine. Alirudi ofisini karibu anakimbia.

"Mzee Gervasi, nimelipata haragwe la ukame!"

Gervasi, mkuu wake wa kazi, alikuwa mtu asiyependa haraka. "Subiri tulivune kwanza," alisema, lakini naye alikuwa anatabasamu.

Kesho yake furaha ilimtoa Shadya kitandani mapema. Alipofika shambani kulikuwa ndiyo kwanza kunapambazuka. Mwanamke wa makamo alikuwa ameinama kwenye mstari ule, ndoo ubavuni, akimimina maji kwa kikombe, shina kwa shina.

"Mama! Unafanya nini?"

Mwanamke alishtuka hadi kikombe kikamponyoka. "Mwaramutse, habari za asubuhi, mwanangu. Nisamehe. Sikuja kuiba."

Aliitwa Melania. Mwaka uliotangulia alikimbia vita Burundi, akafika Kagunga, upande huu wa mpaka, kwa mtumbwi, na sasa aliishi kwa dada yake aliyeolewa Katubuka siku nyingi. Kila asubuhi alipita hapo akitoka kuchota maji.

"Niliacha ibiharage vyangu shambani vikiwa na maua," alisema. "Haya nayo nikayaona yana maua, na hakuna anayeyapa maji. Nikashindwa kupita. Ndoo moja haitoshi shamba zima, basi nikayapa haya ya karibu."

Shadya alihisi hasira ikimpanda. Akafikiria alivyompigia kelele Gervasi jana, akafikiria na shamba la mama huyu lililobaki ng'ambo bila mtu, hasira ikamwisha. Akaketi chini kwenye udongo.

"Mama, mimi ndiye niliyeyanyima maji. Kwa makusudi. Natafuta litakaloweza kuishi lenyewe, ili mvua ikikata watu wasilale njaa."

Melania aliutazama mstari, akaitazama na mingine iliyokauka. "Kumbe nimekuharibia."

"Umeharibu mmoja tu. Na huo nakupa, uwe wako. Mwagilia mpaka uchoke."

Gervasi alipoelezwa alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akamwambia aufute mstari ule kwenye matokeo na arudi kuitazama mingine vizuri. Shadya alirudi. Siku zote zile, macho yake yalikuwa kwenye mstari mzuri tu. Sasa aliona, upande wa juu wa shamba, haragwe dogo jekundu ambalo majani yake yalijikunja mchana na kufunguka jioni. Chini ya majani hayo kulikuwa na maganda membamba. Machache, lakini alipoyabonyeza yalikuwa yamejaa.

Lilivunwa mwezi wa saba. Gervasi alipoona punje zile kiganjani alisema tu, "Hili tulipande tena," na kwa Gervasi hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Melania naye alivuna yake. Akayaunga kwa mawese, akaongozana na Shadya kuyapeleka Ujiji kwa Bi Kuruthumu, ambaye alikuwa amepika samaki wa migebuka na ugali. Walikula mkekani wote watatu. Bi Kuruthumu alitaka kujua Warundi huanza na kitunguu au na mawese, na Melania alipomweleza hakukubaliana naye hata kidogo. Walibishana, wakacheka, wakaongezana chakula, na Shadya aliyekuwa ameshiba akajiegemeza ukutani akiwasikiliza.