Trekta Lililosubiri Jembe

Trekta lilikuwa likinguruma mpakani mwa shamba, moshi wake ukipanda wima kwa sababu upepo wa ziwani ulikuwa haujaamka, na sisi sote tukimsubiri mama amalize kufunga leso kiunoni. Hakuwa na haraka. Alifunga fundo, akalifungua, akalifunga upya. Frankline, ndugu yangu wa baba mmoja, alitazama simu yake, kisha akatazama barabara ya Macalder ambako mnunuzi wake angetokea. Mimi nilikuwa juu ya kiti, mguu kwenye klachi, nikinuka dizeli hadi viwikoni.

"Irine, zima hiyo kitu. Unamaliza mafuta bure," Frankline alisema.

Sikuzima. Injini ile niliifufua kwa jasho langu, na sikuwa na hakika kwamba ingekubali kuwaka mara ya pili.

Utauliza kwa nini watu wazima, pamoja na mashine nzima, wamsubiri bibi kizee mmoja mwenye jembe. Jibu liko nyuma sana, mwaka ambao baba yangu, Zadock, alileta nyumbani vitu viwili kwa mpigo: trekta na mke wa pili. Trekta lilikuwa Massey Ferguson jekundu, alilolinunua mnadani kwa wakulima wa miwa, tayari limeshazeeka. Mke alikuwa Mellen, kutoka upande wa Kuria karibu na mpaka, na yeye hakuwa amezeeka hata kidogo.

Mama alikuwa amezaa wasichana watupu. Alijua kwa nini Mellen ameletwa, akalimeza. Kwetu mke wa kwanza huitwa mikayi, na jina hilo lina haki zake. Nyumba yake ndiyo inayotazama lango, na jembe lake ndilo linalotangulia kugusa udongo kila msimu. Mikayi hajaanza, hakuna anayeanza. Na trekta la boma haliendi kulimia watu wa nje kabla ya kulima kwao. Anayeruka zamu anajitafutia chira, ule mkosi unaomkausha mtu na watoto wake. Hata wale wanaoimba kwaya kila Jumapili hawafanyi mchezo na jambo hilo.

Sasa baba alipofika na trekta alikuwa amelewa furaha. Shamba lililokuwa karibu na lango ni lile alilompimia Mellen. Alishusha plau pale pale, akakata mstari mmoja, akageuza, akakata wa pili, majirani wakipiga makofi nje ya ua wa minyaa. Mellen, mgeni wa wiki chache, alisimama kando akitabasamu kwa sababu kila mtu alikuwa akitabasamu. Hakuna aliyekuwa amemwambia kitu.

Mama na mimi tulikuwa tukipanda kutoka mtoni. Nilikuwa mdogo lakini naikumbuka asubuhi hiyo vizuri. Mama alikuwa amejifunga leso yake ya kanisani, ile ya maua ya manjano, na haikuwa Jumapili. Alitua ndoo. Alitazama mpaka trekta likafika mwisho wa shamba, kisha akajitwika ndoo yake, akaingia ndani na kurudishia mlango.

Baba alikuja na mbuzi. Akaja na wazee. Akasema alisahau, ni akili ya furaha, mtu akifurahi husahau. Mama alimpokea mbuzi, akawapikia wazee, na tangu siku hiyo trekta halikukanyaga shamba lake. Kila msimu baba alikuwa akisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Nikulimie, Mama Irine?"

"Shamba langu limezoea jembe."

Na kwa kuwa baba hakuthubutu kuruka zamu mara mbili, ilimbidi asubiri mama aanze. Hapo ndipo utajua mama yangu alikuwa mtu wa aina gani. Mvua ikinyesha, watu wakikimbizana na mbegu, yeye alikuwa bado anachonga mpini. Leo mgongo, kesho mkutano wa akina mama, kesho kutwa anaenda kumwona dada yake kule Karungu. Wateja wa baba waliapa na kwenda kutafuta maksai. Trekta lenye uwezo wa kulima kijiji kizima lilisimama langoni likisubiri mkono wa mwanamke mmoja, na mwanamke mwenyewe ameketi kibarazani anachambua omena, dagaa wa ziwani. Siku aliyotaka, alifunga leso, akalima ukanda mwembamba, akanyoosha kiuno na kumpungia baba mkono. Haya, endelea.

Adhabu ya Mellen ilikuwa tofauti. Mellen alijifunza Dholuo, lugha yetu, hadi akawa anagombeza kuku kwa Dholuo, lakini mama alimsemesha kwa Kiswahili tu, lugha ya sokoni na ya kuongea na askari wa kaunti. "Habari ya asubuhi, Mellen." "Chumvi iko, Mellen?" Adabu tupu, kila siku, mwaka baada ya mwaka. Mgeni ni mgeni.

Nami nililipenda trekta lile. Niseme nini? Nilikuwa nikilima na mama, viganja vikitoka malengelenge, nikisikia injini ng'ambo ya mpaka wa shamba, na Frankline, mtoto wa Mellen, ameketi juu ya madigadi ya gurudumu akinipungia. Nilimwonea wivu. Nilijua pia kwamba kulipenda ni kumsaliti mama, basi nikalipenda kimyakimya. Nadhani ndilo lililonipeleka Remba baadaye, kule kisiwani, kujifunza kutengeneza injini za mashua. Niliolewa, nikaachika, spana hazikuniacha.

Baba alipofariki, trekta lilibaki mbele ya nyumba ya Mellen. Mipira ilipasuka, jogoo akageuza usukani kuwa kitanda. Kisha Frankline akanipigia simu. Kuna mtu wa Macalder anaitwa Japheth, akasema, anataka ile injini iendeshe kinu chake cha kusaga mawe ya dhahabu. Mengine yatauzwa kama chuma chakavu.

Nilifunga sanduku langu la vifaa, nikapanda boti ya asubuhi.

"Likilima, sitauza," Frankline aliniambia. Si mtu mbaya, Frankline. Ana duka la vifaa vya ujenzi mjini Migori, na kwake kitu kisichofanya kazi ni kitu kinachokula nafasi. "Japheth anakuja Alhamisi. Nionyeshe tu kwamba linalima."

"Nilime wapi?"

Akacheka, kwa sababu sote wawili tulijua. Msimu ulikuwa umefika, mawingu yamejazana juu ya ziwa, na mikayi alikuwa hajaanza.

Injini ilikuwa imekwama kabisa. Niling'oa nozeli, nikamimina dizeli na oili ndani ya silinda na kuziacha ziloweke, na kila asubuhi nilitia bomba refu la chuma kwenye flaiwili, lile gurudumu zito linalozungusha injini, na kusukuma. Hakuna kitu. Nikaosha tangi lililojaa matope ya kutu, nikaitia mipira viraka. Nikatoa panya kwenye kichujio cha hewa, yeye na ukoo wake. Nikasukuma tena. Mellen aliniletea uji bila kuulizwa, akaketi juu ya gurudumu la akiba, akaniambia ni boliti ipi ambayo baba alikuwa akiitukana zaidi. Asubuhi flaiwili ilipocheza, upana wa kidole tu, nilikaa chini kwenye vumbi nikalia. Mellen alijifanya anaangalia kuku.

Jumatano jioni nilikwenda kwa mama. Alikuwa anachambua omena kwenye ungo. Bega lake la kulia lilikuwa limeanza kumkataa tangu mwaka uliotangulia, na jembe lilikuwa bado limening'inia ukutani.

"Mama, kesho nataka kulima."

"Lima. Nani amekukataza?"

"Wewe."

Akaguna, na nadhani lilimfurahisha. "Nitaanza nikiwa tayari."

"Kesho wanakuja kuling'oa injini. Nakuomba."

Aliacha omena. "Kwa hivyo unapenda hiyo chuma ya baba yako."

"Naipenda," nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka mbele yake. "Tangu nikiwa mtoto."

"Nilijua," akasema, na akarudi kwenye ungo wake. Hakuniahidi chochote.

Ndiyo maana asubuhi ya Alhamisi, nilipopiga stata na trekta likakohoa, likatema moshi mweusi, likawaka, sikuamini nilipomwona akitoka na jembe begani. Nililiendesha hadi mpakani na kungoja. Akafunga leso, kama nilivyokwambia, akafungua, akafunga upya. Kisha akaanza.

Alilima taratibu, jembe likipanda nusu na kushuka kwa uzito wake lenyewe. Alilima kipande cha ukubwa wa mkeka. Halafu bega likakataa. Aliinua jembe, likarudi chini bila kuchimba. Akajaribu kwa mkono wa kushoto. Mwisho akaketi juu ya udongo, miguu ameinyoosha mbele, jembe mapajani. Hakupunga mkono.

Lori la Japheth likasimama langoni. Wanaume wawili wakashuka na minyororo.

"Basi, Irine," Frankline alisema, kwa upole. "Tumejaribu."

Ningeweza kushusha plau upande wa Mellen. Umbali wa kugeuza usukani tu. Nakuambia mkono wangu ulikuwa tayari juu ya wenzo wa plau, na sijui ungefanya nini kama Mellen hangetoka nyumbani kwake wakati ule. Alinipita bila kunitazama, akaingia shamba la mama, mahali ambapo sikuwahi kumwona akikanyaga. Alisimama mbele yake. Nikapunguza mafuta ili nisikie.

"Mikayi," Mellen alisema kwa Dholuo. "Siku ile sikujua."

Mama alitazama mikono yake mwenyewe. "Najua hukujua. Aliyejua ni yeye."

"Alisema alisahau."

"Hakusahau. Asubuhi ile alikuja kwangu kabla jua halijapanda. Akaniambia, funga leso yako nzuri, trekta linaanza kwako. Nikamwambia, ngoja nikaoge mtoni, nisiende kusimama mbele ya watu na jasho la jana." Akapangusa udongo kwenye mpini wa jembe. "Nilioga, Mellen. Sikuchelewa. Hakuweza kunisubiri nioge."

Hapo tu ndipo nilipomwelewa mama na leso ya maua ya manjano. Nilimwelewa na baba pia, na kofia yake mkononi, na vile alivyosimama mlangoni kila msimu bila hata mara moja kusema lile neno alilokuwa akisubiriwa alitamke, kwamba hakusahau. Nilimpenda baba. Bado nampenda. Lakini siku ile, juu ya kiti chake, niliona aibu kwa ajili yake.

"Nikaona nimfundishe kusubiri," mama alisema. "Amekufa hajafuzu." Kisha akamnyooshea Mellen mkono ule mzima. "Nyieka, niinue."

Nyieka ndilo neno la mke kumwita mke mwenzake, neno la ndani, la watu wa boma moja. Uso wa Mellen ulibadilika. Alimshika mama chini ya kwapa, wakainuka pamoja, wazee wawili wakiyumba, na mama akanitazama kwa hasira yake ya siku zote.

"Unangoja nini? Leta hicho kitu."

Nikaingia. Plau ilizama, udongo mweusi ukajipindua, na mama akatembea nyuma yangu ndani ya mstari, miguu peku, mkono begani kwa Mellen. Tulipofika kwenye kile kipande cha mkeka alinipigia kelele. "Inua! Hapo nimeshalima." Nikainua plau, nikapita juu ya udongo wake, nikashusha ng'ambo ya pili. Japheth alikaa akitazama mistari mitatu au minne, akawaita vijana wake, wakapakia minyororo.

Tulimzika mama mwaka jana, kushoto kwa nyumba yake, upande wa wanawake. Wengi walisema sasa mambo yatakuwa mepesi.

Msimu huu mvua ilikuja mapema. Nilivuka kutoka Remba, nikabadilisha oili, nikatoa hewa kwenye mfumo wa dizeli, nikaliwasha, nikalipeleka mpakani. Wateja walikuwa wamepanga foleni barabarani. Frankline, ambaye siku hizi huning'inia kwenye madigadi kama zamani, alitazama simu yake.

Mellen alitoka nyumbani kwa mama, jembe la mama begani. Alisimama kwenye kile kipande, kile ambacho plau haijawahi kukigusa, akalitua jembe chini na kuanza kufunga leso. Ilikuwa ile ya maua ya manjano. Alifunga fundo, akalitazama, hakuridhika, akalifungua.

Sikuzima injini. Nilitoa gia, nikaondoa mguu kwenye klachi, nikakaa vizuri, nikasubiri.